Pembetatu Isiyofungika

Jumatatu, saa mbili kasorobo asubuhi, mtunza maktaba wa shule alifungua kabati la mazoezi akakuta rafu tupu. Faili tatu, ya sayansi, ya hisabati na ya Kiingereza, hazikuwepo. Alilifunga kabati, akalifungua tena, kana kwamba mara ya pili lingekuwa na adabu zaidi. Rafu ilikuwa tupu vilevile.

Wanafunzi walimwita Bi Kimya, kwa kuwa neno hilo ndilo alilolisema kutwa. Mumewe alifariki miaka sita iliyopita na watoto hawakujaaliwa, kwa hiyo nyumbani hakuwa na wa kumwambia kimya. Maktaba ndiyo iliyomfanya aamke asubuhi, avae vizuri, na asikie mtu akimsalimia.

Faili zile zilikuwa na maswali ya miaka kumi na tano, mengi yameandikwa kwa mkono na hayana nakala. Mwaka jana Bi Kimya mwenyewe alibandika majibu nyuma ya kila faili ili watoto wajisahihishe. Sasa mtihani wa mwisho ulikuwa umebakiza siku kumi na mbili.

Mwalimu mkuu, mwanamke asiyepoteza maneno, alikuja akainama mbele ya kitasa. Hakikuwa hata na mkwaruzo.

"Aliyechukua ana ufunguo," alisema. "Na funguo ziko mbili, wako na ule wa akiba ofisini kwangu. Ijumaa saa nane mchana nataka faili. Zisipopatikana, utanikabidhi ufunguo wako, nitafute mtu mwingine."

Bi Kimya hakuwa askari, lakini vitabu vyote vya upelelezi vya maktaba ile alikuwa amevisoma mara mbili mbili. Alichukua daftari, akaanza na kabati. Lilikuwa la mbao nzito, limehamishiwa pale kutoka maabara ya zamani, na rafu yake ya chini bado ilikuwa na alama za mviringo zilizounguzwa na chupa za dawa. Aliandika hilo pia, ingawa hakujua litamsaidia nini.

Kisha akaandika saa. Ijumaa saa kumi na moja jioni, alipokuwa akiondoka, faili zilikuwepo. Jumamosi maktaba ilikuwa wazi kuanzia saa mbili hadi saa sita, na hakulifungua kabati. Saa nne alitoka kwenda getini kupokea katoni ya vitabu, akarudi saa nne na robo. Ndani alimwacha mtu mmoja tu, Babu Chaki, mwalimu mstaafu wa sayansi, aliyekuja kila Jumamosi na mfuko wake wa kitambaa kusoma magazeti.

Jumatatu hiyohiyo mchana alimfuata mzee nyumbani kwake, nyuma ya uzio wa shule, alikoishi peke yake. Babu Chaki alisema hakuona mtu yeyote akiingia maktaba. Akamkaribisha chai. Bi Kimya alikuwa na haraka, akakataa. Alipotoka aliona mabenchi manne barazani yamefutwa vumbi, akafikiri mzee anatarajia wageni.

Jumanne aliuliza habari za ufunguo wa akiba. Daftari la ofisini lilionyesha kwamba mwalimu kijana wa hisabati aliuchukua Ijumaa saa tisa alasiri, akaurudisha Jumatatu. Tena kijana huyo alikuwa na twisheni nyumbani kwake. Bi Kimya alihisi amemshika mwizi wake, akamwita.

"Ufunguo ulilala kwako siku tatu, mwanangu."

"Niliusahau mfukoni, mama."

"Na twisheni inataka maswali."

Kijana aliumia, ikaonekana. "Maswali natunga mwenyewe. Ijumaa nilifungua nikaongeza ukurasa mmoja kwenye faili ya hisabati, basi. Na hata huo nauonea aibu. Jumamosi ndipo nikakumbuka kwamba nimewapa watoto pembetatu yenye pande za sentimita sita, nane na kumi na tano, watafute eneo."

"Ina kasoro gani?"

Alimwonyesha kwa njiti za kiberiti. Sita na nane zikiungana ni kumi na nne, hazifiki mwisho wa kumi na tano hata ukizinyoosha. Pembetatu haifungiki.

"Nani mwingine ameliona swali hilo?"

"Hakuna. Nililitunga palepale kabatini nikafunga. Ningemwonyesha nani aibu ile?"

Bi Kimya alitamani asimwamini, maana angekuwa amemaliza kazi. Lakini mwizi gani anakujia na kosa la hesabu ambalo hakuulizwa? Aliandika namba tatu zile, akazipigia mstari. Jioni ile hakula, akakaa na daftari mpaka usingizi ukamchukua kitini.

Jumatano saa saba mchana, msichana mmoja wa darasa la mtihani alikuja kuazima rula, akaweka daftari lake wazi mezani. Bi Kimya alisoma bila kukusudia. Pembetatu, pande sita, nane, kumi na tano. Kumi na tano imekatwa, juu yake imeandikwa kumi.

"Swali hili umelipata wapi, binti?"

"Kwa Babu Chaki. Jana alikuwa ananisomea kwenye karatasi, nami naandika. Mara akasema hii haifungiki, futa, weka kumi. Akauliza nani ametunga upuuzi huu."

"Mnaenda wangapi?"

"Mimi tu."

Msichana alipoondoka, Bi Kimya alikwenda kabatini akagusa zile alama za mviringo. Hakufurahi hata kidogo.

Alhamisi saa kumi jioni aliongozana na mwalimu mkuu, ambaye naye aliwahi kufundishwa na mzee huyo. Babu Chaki alifungua mlango akiwa amefunga tai. Mwalimu mkuu akajikuta anatoa shikamoo kwa sauti ya mtoto wa shule. Faili tatu zilikuwa mezani, zimepangwa sawasawa.

"Kabati lilikuwa lako maabara," Bi Kimya alisema, "na kitasa hakikubadilishwa. Jumamosi nilipotoka ulikuwa tayari ndani. Uliniambia hukuona mtu akiingia, na kweli hakuingia mtu. Lakini pembetatu ile iliandikwa Ijumaa, Babu, na ilikuwa ndani ya faili tu. Ungeiruka tu nisingejua."

"Ningelirukaje kosa mbele ya mtoto?" mzee alijibu. Akakaa. "Nilipostaafu walinifuata hapa. Kila siku, mabenchi hayatoshi, huyu na sumaku, yule na hesabu za sehemu. Mwaka jana ukabandika majibu, wakaacha kuja. Nikasema majibu yakipotea wiki mbili, watanikumbuka. Nikafuta mabenchi. Amekuja mmoja."

"Si ungeniambia tu?"

"Ningesemaje? Mtu mzima anaombaje kutembelewa?"

Swali hilo Bi Kimya alikuwa nalo yeye mwenyewe kwa miaka sita.

"Mwalimu," alisema mwalimu mkuu, "huyu mama alikuwa anapoteza kazi kesho saa nane."

Uso wa mzee ulibadilika. Hilo hakulijua. Alitoa ufunguo mfukoni, akauweka juu ya faili, akamwomba Bi Kimya msamaha, kisha akaahidi kuja kesho kusema mbele ya walimu wote. Akaja kweli, akasema, akiwa na tai ileile.

Jumatatu faili zilirudi rafuni bila kurasa za majibu. Bi Kimya alizibandua mwenyewe. Mlangoni mwa kabati aliweka karatasi yenye sahihi ya mwalimu mkuu, ikisema majibu yanapatikana nyumba ya nyuma ya uzio, saa tisa hadi saa kumi na moja.

Kufika Jumatano, saa tisa na nusu maktaba ilikuwa tupu. Bi Kimya alipanga viti, akavipanga tena. Saa kumi alinakili daftarini swali moja kutoka faili ya Kiingereza, ambalo jibu lake alilijua tangu utotoni, akafunga mlango, akazunguka uzio.

Mabenchi yote yalikuwa yamejaa. Msichana wa rula alimsogelea mwenzake, akampa Bi Kimya nafasi. Watoto walikuwa wanapiga kelele, nusu yao wakibishana, na Bi Kimya akakaa na daftari lake magotini kungoja zamu yake, bila kumwambia mtu anyamaze.