Mvua ya Kikaangoni

Kila asubuhi, shangazi alipomaliza chai yake, alijifunga kitambaa kichwani, akachukua ufunguo ukutani na kusema, "Chiriku, kazini." Walivuka ua mdogo wa nyuma ya nyumba, wakaingia kwenye jengo la vyumba viwili. Hilo ndilo lililokuwa studio yake. Chumba kikubwa kilikuwa cha kurekodi, na humo waimbaji waliingia na kutoka kutwa nzima. Chumba cha pili kilikuwa kidogo kama stoo. Kilikuwa na meza, kompyuta, kiti kimoja, na dirisha lililozibwa kwa godoro la sponji ili kelele za barabarani zisipenye. Humo ndimo alimokaa Chiriku.

Chiriku si jina lililoandikwa kwenye daftari lake. Aliitwa hivyo kwa sababu ya domo. Mama yake alizoea kusema kwamba mtoto huyu alianza kuongea kabla hajaota meno, na tangu siku hiyo hajapumzika. Lakini likizo hii, akiwa na miaka kumi na mitatu, hakuwa na wa kuongea naye. Mdogo wake alikuwa amelazwa katika hospitali ya mbali akisubiri kupasuliwa mguu, na mama alikuwa kando ya kitanda chake. Baba alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu. Kwa hiyo Chiriku akaletwa kwa shangazi kwa wiki nne, katika mtaa ambako hakumjua hata mtu mmoja.

Shangazi alikuwa fundi wa sauti. Kwa miaka kumi na mitano, kila aliposikia mlio uliompendeza aliunasa: ngoma, zeze, mlango unaolia, treni, jogoo, watu sokoni. Milio hiyo aliitumia kutengenezea nyimbo na michezo ya redio kwenye kompyuta. Tatizo ni kwamba faili zote zilikuwa zimerundikana kama nguo chafu kapuni, hazina majina, ila namba tu. Zilikuwa elfu moja mia moja na arobaini.

"Kazi yenyewe ni hii," shangazi alimweleza siku ya kwanza. "Sikiliza faili yote, toka mwanzo hadi mwisho. Kisha iandike jina, na uiweke kwenye folda yake. Ngoma na ngoma, nyuzi na nyuzi, mvua na mvua."

"Nisipoijua je?"

"Iweke kwenye folda hii. Nimeiita Sijui. Tutaisikiliza pamoja."

Siku mbili za mwanzo zilipita vizuri. Chiriku alivaa hedifoni akacheka peke yake aliposikia mbuzi akipiga chafya. Siku ya tatu akakutana na sauti ya watoto wakiruka kamba. Walikuwa wakihesabu, wakikosea, wakilaumiana na kucheka. Aliirudia mara nne. Alipovua hedifoni, chumba kilikuwa kimya kiasi kwamba alisikia tumbo lake likinguruma.

Kuanzia hapo, kazi ikawa nzito. Chakula cha mchana alikula peke yake mezani, kwa sababu shangazi alikula amesimama kati ya mwimbaji na mwimbaji. Upande wa pili wa ukuta wanakwaya walicheka, lakini kicheko kilimfikia kama kimefunikwa kwa blanketi. Mama alipiga simu. "Mama, jana nilisikia mbuzi—" "Mwanangu, daktari anaingia. Nitakupigia." Hakupiga siku hiyo, wala iliyofuata.

"Shangazi, naweza kuja kukaa huku kwako?" Chiriku aliuliza akiwa mlangoni mwa chumba cha kurekodi.

"Ukimaliza," shangazi alijibu bila kugeuka, vidole vikiwa kwenye mitambo. "Ukimaliza tu, utakaa nami hapa hadi likizo iishe."

Ukimaliza! Chiriku alirudi kwenye kiti chake na neno hilo likimwasha. Zilikuwa zimebaki zaidi ya mia saba. Alianza kusikiliza sekunde tano za kila faili, halafu mbili. Mwishowe hakusikiliza kabisa. Kompyuta ilionyesha picha ya kila sauti, mistari iliyopanda na kushuka, naye akaanza kukisia kwa macho. Yenye meno marefu, ngoma. Iliyojaa sawasawa kama zulia, mvua. Iliyotetemeka, pikipiki. Kwa siku mbili alimaliza kila kitu. Na zile chache alizokuwa ameziweka kwenye folda ya Sijui alizitoa, akazibandika majina yaliyomjia, kwa maana aliona haya.

"Umekwisha maliza?" Shangazi alishika kiuno. "Na hii folda ya Sijui mbona haina kitu?"

"Zote nilizijua, shangazi."

Uongo ulimtoka kwa wepisi uliomshangaza mwenyewe. Shangazi akamkumbatia. "Masikio ya popo haya! Njoo ukae huku."

Wiki hiyo shangazi alikuwa akitengeneza wimbo kwa ajili ya shule ya watoto wasioona. Ulikuwa wimbo wa kuwafundisha watoto wadogo kutembea njiani: kila ubeti na mlio wake, ili mtoto ajue kinachokuja. Alitafuta "mvua", akaipata. Akatafuta "pikipiki", akaipata. Aliiweka milio hiyo chini ya ngoma na kinanda, akausikiliza wimbo mara moja na kuridhika, kwa kuwa aliyaamini majina. Chiriku alikaa kando yake kwenye kiti alichokitamani muda wote ule. Ajabu ni kwamba hakufurahi. Kila faili ilipofunguliwa, alihofia jina alilolibandika.

Ijumaa mwalimu wa shule ile akaja na wanafunzi sita wanaoishi karibu kuusikiliza wimbo. Walisimama kwenye zulia, kila mmoja na fimbo yake nyeupe. Shangazi akaufungulia. Ubeti wa mvua ulipofika, msichana mmoja mrefu, wa rika la Chiriku, akainamisha kichwa.

"Samahani, mama. Hii mvua inakaanga nini?"

Wenzake wakaangua kicheko. "Kweli," msichana akaendelea, "hayo ni mafuta ya moto. Mwishoni pale kijiko kimegonga kikaango."

Shangazi akarudisha nyuma, akaondoa ngoma na kinanda, akasikiliza tena. Kijiko kilisikika dhahiri. Akatabasamu kwa aibu na kuendelea. Lakini ulipofika ubeti wa pikipiki, hakuna aliyecheka.

"Na hii si pikipiki," msichana akasema taratibu. "Ni jenereta. Imesimama mahali pamoja. Pikipiki huja, inakua, halafu inapita."

Mwalimu alivua miwani. "Dada yangu, hawa watoto huvuka barabara kwa masikio. Mdogo akifundishwa kwamba mlio wa pikipiki ndio huu, siku pikipiki yenyewe itakapokuja..."

"Nisamehe, mwalimu," shangazi akasema. Uso wake ulikuwa umesawijika. "Kosa ni langu. Lazima nilizichanganya faili mwenyewe nilipoziweka kwenye wimbo."

Chiriku alitazama sakafu. Angeweza kunyamaza. Lawama ilikuwa imekwisha kupata mtu wa kuibeba. Akainua macho akamwona yule msichana, uso wake umeelekea kwenye spika, bado anangoja kuisikia pikipiki.

"Si shangazi," Chiriku akasema. Sauti yake ilitoka nyembamba. "Ni mimi. Sikuzisikiliza. Niliandika majina kwa kukisia, kwa kutazama tu picha za mawimbi ya sauti kwenye kompyuta, halafu nikasema nilizijua zote. Nilitaka nimalize nitoke kwenye kile chumba."

Shangazi akazima wimbo. Mwalimu akavaa miwani, akatoa wiki moja ya kurekebisha. Alipoanza kuwapanga wanafunzi waondoke, yule msichana akabaki nyuma.

"Zimeharibika ngapi?"

"Kama mia saba," Chiriku akajibu.

"Shule tumefunga, na nyumbani kwetu wote wanakwenda kazini. Nashinda na redio tu. Nije nikusaidie? Mimi hizo picha zako za mawimbi hazinidanganyi." Akacheka. "Wenzangu huniita Mizani."

Jioni, shangazi alifunga studio mapema akakaa na Chiriku kwenye ngazi ya mlango wa nyuma.

"Kwa nini hukuniambia umechoka?"

"Niliogopa utaniona mvivu."

"Na hayo mengine? Yaliyokufanya ukimbilie kumaliza?"

Chiriku alikaza meno lakini machozi yalimtangulia. Akasema yote: meza ya chakula, simu iliyokatwa, kicheko cha nyuma ya ukuta. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho, hakumkatiza hata mara moja.

"Kwa hilo nami nina kosa," akasema baadaye. "Nilikupa kompyuta nikadhani nimekupa mwenzio. Lakini uongo ulikuwa wako, na kesho utaanza kuutengeneza."

Akaanza. Mizani aliletwa kila asubuhi na kaka yake, kikaongezwa kiti cha pili, na hedifoni ya pili. Mizani alisikiliza, Chiriku akaandika. Walibishana kama wake wenza. "Hilo ni zeze." "Gitaa!" "Gitaa gani linalolia kama mbu? Rudia." Wakarudia. Walichoshindwa kukubaliana walikiweka kwenye folda ya Sijui, na hadi Alhamisi humo mlikuwa na faili thelathini na moja. Shangazi alizisikiliza nao, akazitambua zote isipokuwa nne. "Hizi hata mimi sizijui," akakiri, "na ni mimi niliyezirekodi!" Pikipiki za kweli zilipatikana tatu, zote zikiwa zimeandikwa "upepo".

Kulikuwa na saa ambazo Mizani alikuwa amekwisha ondoka na chumba kikarudia ukimya wake. Upweke haukuisha kwa siku moja. Lakini sasa, ulipomzidi, Chiriku alivuka kwenda chumba cha kurekodi akasema, "Shangazi, nimechoka kukaa peke yangu," na shangazi akamsogezea kiti.

Ijumaa ile nyingine mwalimu akarudi, safari hii na watoto wadogo wa darasa la kwanza. Walisimama kwenye zulia wameshikana mikono. Mvua ikanyesha, ikawa mvua. Kisha pikipiki ikaanza kwa mbali, ikakua, ikasogea. Hakuna aliyewaambia kitu, lakini watoto wote kwa pamoja wakarudi nyuma nusu hatua. Ikawapita.

Mwalimu akaitazama miguu yao. "Huu tunauchukua," akasema.

Walipokwisha kuondoka, shangazi aliwaweka Chiriku na Mizani mbele yake.

"Mmeiona ile nusu hatua?" akauliza, kisha akajikosoa haraka. "Mizani, umeisikia?"

"Nimesikia viatu, mama."

"Basi kumbukeni viatu hivyo. Kazi yako unaweza kuifanya chumbani peke yako, hakuna anayekuona. Lakini haibaki chumbani. Kuna mtu mahali fulani ataiamini, na pengine ataweka mguu wake barabarani kwa kuiamini. Kwa hiyo usilolijua, sema hulijui. Ukichoka, sema umechoka. Ukiwa mpweke, sema pia, maana hakuna anayeweza kukusaidia kwa jambo ulilolificha. Kweli huanza kwa kukuaibisha, lakini baadaye hukuletea watu. Uongo huanza kwa kukumbatiwa, baadaye hukuacha ukikaa karibu na mtu unayemwogopa."

Chiriku aliitikia kwa kichwa. Halafu, kwa kuwa mmoja wao asingeliona jibu hilo, akalisema kwa sauti.

"Nimesikia, shangazi. Sitarudia."