Hema la Rangi ya Chungwa

Kila alipotoka shule, Kimbunga alikuwa na kazi tatu kabla ya kwenda kucheza: kufua soksi zake, kujaza ndoo za jikoni na kumsikiliza mdogo wake akisoma ukurasa mmoja wa kitabu. Zote alizifanya mbio mbio, maji yakimwagika na mistari ikirukwa, ndiyo maana bibi yake akampa jina hilo la Kimbunga. Mdogo wake wa miaka sita aliitwa Kwanini, na aliyekaa naye kwa dakika tano hakuhitaji kuelezwa sababu.

Wiki ya mwisho ya mwezi ilikuwa na raha yake. Mama yao alikuwa mpima maji ya mto. Kila mwisho wa mwezi alipakia vifaa vyake garini, akapanda navyo milimani, akapima kina cha mto kwa siku mbili, Jumamosi na Jumapili. Kwa kuwa siku hizo hakuna shule, aliwachukua na wanawe. Walipika nje, wakaoga maji ya baridi mpaka meno yakagongana, wakalala katika hema kando ya gari.

Lakini hema lao la zamani lilikuwa limestaafu bila kuaga. Safari iliyopita zipu ilikatika, na walipolikunja waliona sakafu yake imeliwa na mchwa. Ikabidi litafutwe jipya. Tena mara hii kulikuwa na habari kubwa zaidi.

"Safari hii na mimi nimo," Bibi alitangaza wakati wa chakula. "Miaka yote nasikia habari za huo mto. Nataka niuone kwa macho yangu, magoti yapende yasipende."

Kimbunga na Kwanini waliruka hadi vikombe vikayumba.

Ijumaa jioni Mama alirudi na mifuko miwili mizito. "Fundi mahema ametuazima haya tuyajaribu," alisema. "Kesho asubuhi nitakuwa ofisini. Kimbunga, wewe ndiye mkaguzi wetu."

Mkaguzi! Kimbunga alihisi kama amerefuka ghafla. Mama alimpa daftari lenye maswali manne. Hema linasimama kwa dakika ngapi? Likikunjwa linaenea kwenye buti la gari? Bibi anaweza kuingia na kutoka bila taabu? Na la mwisho: likimwagiwa maji nusu saa, linavuja?

Asubuhi jua halijapanda vizuri, uani kulikuwa kama uwanja wa maonyesho. Hema la kwanza lilikuwa la kijani kibichi, la turubai nene, limesimama wima kama kibanda. Kulisimamisha kulikuwa kazi ya jasho. Nguzo zilikataa kuingiana, na Kwanini alizongwa na kamba mpaka akaanguka chali. Dakika ishirini na nane!

La pili lilikuwa la rangi ya chungwa. Kimbunga alilipenda hata kabla halijatoka mfukoni. Lilikuwa jepesi, la duara, lenye madirisha ya wavu na vijifuko vya kutilia tochi. Fito zake zilijikunjua zenyewe, na baada ya dakika tisa tu lilikuwa limesimama, liking'aa.

"Hili ndilo letu!" Kimbunga alipiga kelele. "Watu wa kwenye picha, wale wanaopanda milima, haya ndiyo wanayobeba!"

Bibi alikuja na fimbo yake kujaribu. Hema la kijani aliingia akitembea, akasimama katikati, akanyoosha mikono. "Humu naweza hata kucheza ngoma," alisema. Alipofika kwenye lile la chungwa, aliinama, akainama tena, akashika kiuno, akacheka. "Mjukuu wangu, mimi kutambaa niliacha zamani, nilipoota meno." Akarudi ndani kupumzika.

Kimbunga alishika kalamu. Aliandika: *Bibi anaingia akiinama kidogo.*

Swali la buti lilijijibu lenyewe, maana yote mawili yalikuja humo. Likabaki jaribio la maji. Alimwingiza Kwanini ndani ya hema la kijani, akavuta mpira wa maji na kulinyeshea nusu saa nzima. Kwanini alitoka mkavu, tena amesinzia. Kisha ikawa zamu ya la chungwa. Hata dakika kumi hazijaisha, sauti ikatoka ndani:

"Dada, kwa nini humu kunanyesha?"

"Hakunyeshi. Ni jasho lako."

"Jasho linatoka juu na kuniangukia puani?"

Kimbunga alichungulia. Juu ya dirisha, kwenye mshono, matone yalikuwa yakijipanga na kudondoka moja moja. Moyo wake ulishuka. Alilitazama lile hema, jinsi lilivyopendeza juani, akaona akiandika ukweli tu, litarudi kwa fundi.

"Ni matone machache," alimwambia mdogo wake. "Usiseme, sawa? Mambo madogo hayo."

"Kwa nini nisiseme?"

"Kwa sababu mkaguzi ni mimi." Akaandika: *Halivuji.*

Mama aliporudi mchana alilisoma daftari akiwa bado amesimama mlangoni. "Umeandika vizuri, mwanangu. Mimi nilidhani la kijani litashinda, maana mzigo hubebwa na gari, si mgongo wetu, kwa hiyo uzito si neno. Lakini kama hili la chungwa halivuji na Bibi anaingia, basi tulichukue. Pakia yote mawili twende kwa fundi. Panda gari."

Kimbunga alitakiwa kuruka kwa furaha. Badala yake alikunja na kukunjua pembe ya daftari njia nzima, na Kwanini akamtazama, akatazama dirishani, akamtazama tena.

Karakana ya fundi ilinukia nta na kitambaa kipya. Fundi mwenyewe alikuwa mama mmoja mnene, miwani yake imefungwa kwa uzi shingoni, na cherehani yake ilinguruma kama pikipiki.

"Shikamoo, fundi," Kimbunga alisema kwa sauti ndogo.

"Marahaba, mkaguzi! Leteni majibu."

"La chungwa limefaulu," Mama alisema.

Fundi alipiga makofi. "Alhamdulillah! Basi nalala vizuri leo. Lile ndilo la kwanza la muundo ule. Nimeshona mengine kumi na mawili, yale pale, na Jumatatu yanachukuliwa na wauguzi wa chanjo. Wanakwenda milimani wiki tatu. Watalala humo, wao na maboksi yao ya dawa. Nilikuwa nasubiri jibu lenu tu."

Kimbunga aliyatazama. Mifuko kumi na miwili ya rangi ya chungwa ilikuwa imepangwa ukutani. Aliwaza mvua ya milimani, ile isiyobisha hodi. Aliwaza muuguzi akiamka na kukuta boksi lake limelowa. Mama alikuwa tayari ameshika mkoba wake.

"Linavuja!"

Neno lilimtoka kwa nguvu hata cherehani ikanyamaza. Mama aligeuka polepole.

"Linavuja juu ya dirisha," Kimbunga aliendelea, machozi yakimtangulia. "Nililiona. Niliandika uongo kwa sababu nililitaka. Na Bibi hakuingia, alishindwa. Nikamwambia Kwanini asiseme."

"Na mimi sikusema," alisema Kwanini, "ila pua yangu ililowa."

Mama hakugomba. Alimpa daftari na kalamu afute mwenyewe, na Kimbunga aliona afadhali angegombezwa. Fundi alisimama, akalichukua lile hema la chungwa garini, akalisimamisha nyuma ya karakana, akaingia mwenyewe. "Haya, mkaguzi, fungua maji!"

Wakasubiri. Mara fundi akapiga ukelele. "Limenipata! Katikati ya paji la uso!" Akatoka akijifuta, lakini macho yake yalikuwa makali, yanafanya kazi. Akauvuta mshono, akaugeuza, akaugusa kwa ukucha. "Tazameni. Nilipoweka dirisha nilisahau kuziba matundu ya sindano. Kosa ni langu, na lipo kwenye yote." Akamwinamia Kimbunga. "Mwanangu, daftari lako lilitaka kuniponza. Ulimi wako umeniokoa."

"Naweza kusaidia kuziba?" Kimbunga aliuliza.

"Kesho saa mbili asubuhi. Njoo na nguo usizozionea huruma."

Jumapili nzima Kimbunga alisugua nta kwenye mishono, hema baada ya hema, huku fundi akipitisha utepe nyuma yake. Hakukimbia hata mara moja. Kila lililomalizika lilimwagiwa maji, na Kwanini ndiye aliyekaa ndani, akitangaza kwa fahari, "Kavu!" Jioni, vidole vikiwa vimevimba, wote walipiga vigelegele kwa lile la kumi na mbili. Jumatatu wauguzi waliyapakia na kuondoka.

Familia ilichukua hema la kijani. Kila jioni walifanya mazoezi ya kulisimamisha, Mama akishika saa, Bibi akishangilia kama yuko mpirani. Ishirini na nane zikawa ishirini, kisha kumi na nne, na siku ya safari, kwenye nyasi kando ya mto, kumi na moja!

"Tumevunja rekodi!" Kimbunga aliruka juu. Bibi aliingia akitembea, akaning'iniza shali lake kwenye nguzo, akatangaza kwamba kona ile ni yake na mtu asiiguse.

Saa kumi jioni mvua ikaja, kubwa, ya kishindo. Wote wanne walijikusanya ndani. Kimbunga alikodoa macho kwenye mishono, pumzi ameishika. Hakuna hata tone. Bibi alimimina chai kutoka kwenye chupa, na Kwanini akauliza kwa nini mvua haichoki.

Mama alifungua mlango kidogo. Kule chini waliona nguzo ya kupimia ikiwa imesimama majini, na namba zake nyeupe.

"Unaiona ile?" alimwambia Kimbunga. "Mimi naisoma, naandika, napeleka. Hakuna mtu anayekuja kunikagua. Lakini huko chini kuna vijiji, na watu wanalala kwa kuiamini namba yangu. Ningeandika ninachopenda badala ya ninachokiona, wangelowa wao, si mimi. Kupenda kitu si kosa, mwanangu. Lakini aliyepewa kupima hupima kwanza, halafu ndipo apende. Na ukikosea, sema mapema, kabla mwingine hajalala kwenye maji yako."

"Ndiyo, Mama."

"Na hili la kijani, bado hulipendi?"

Kimbunga aligusa turubai nene, likitetemeka kwa mvua huku upande wa ndani likiwa kavu kabisa. Akacheka. "Mama, nalipenda mpaka basi!"

"Basi vaa koti la mvua," Mama alisema akijifunga lake. "Twende tukasome maji."