Maji Yaliyosingiziwa

Chai ya Inspekta Kiama ilianza kuwa na mchanga Jumapili asubuhi, na nyumba nzima ni kikombe chake tu kilichokuwa hivyo. Mkewe, Wangechi, alikuwa amemimina vikombe viwili kutoka birika moja. Alionja chake kikawa safi. Kiama akapiga funda, akatema kiganjani, akatazama chembe nyeupe mfano wa vumbi la mawe.

"Unanipikia nini, Mama Maggie? Simiti?"

Wangechi akaimwaga, akamtilia nyingine, nayo ikawa vilevile. Wakalaumu mfereji, maana maji ya mtaa wao wa Kamenu hulaumiwa kwa kila jambo, na Kiama akavaa suti yake akaenda kanisani kukaa mbele, mahali anapoonekana.

Jana yake alikuwa amehutubia watu. Kiama alikuwa mkuu wa kituo kimoja cha polisi upande wa Ruiru, na kwa wiki kadhaa kituo hicho kilikuwa midomoni mwa kila mtu, redioni, kwenye simu, hadi kwenye foleni ya maziwa. Fundi wa simu aitwaye Wanyoike alikamatwa kwenye maandamano akiwa mzima, akiimba. Baadaye maiti yake ilipatikana ikielea Kalimoni, katika machimbo ya mawe yaliyoachwa zamani yakajaa maji. Wengine walisema polisi wamezoea kuua na kunyamaza. Wengine walisema vijana wamekosa adabu, wacha wapigwe. Kelele zilipozidi wakubwa wakaitisha kikao cha wananchi, wakamtuma Kiama akawatulize.

Wangechi alikuwepo. Alimwona mumewe akisimama, akiweka tumbo lake sawa nyuma ya mshipi, akitabasamu.

"Kijana alitoroka seli," Kiama akasema. "Akakimbilia machimbo, maji yakamchukua. Nyinyi watu wa Kalimoni mnajua hayo maji, yana wenyewe. Yamekula watu wangapi? Sasa mnataka nifanye nini? Niyatie maji pingu?"

Baadhi ya watu walicheka. Wangechi naye alicheka kidogo, jinsi mke anavyocheka mumewe akisema mbele za watu. Kisha akamwona mama wa marehemu, Ngina, mkulima wa sukuma wiki, amekaa pembeni na kitambaa kichwani. Hakuwa akilia. Alikuwa akimtazama Kiama mdomoni, kama mtu anayengoja kuona ni nini kingine kitatoka humo.

Baada ya chai ikawa sare. Wangechi aliifua, akaianika kwenye jua la Thika, lile linalopasua rangi ya mabati, na jioni akaikuta inachuruzika kana kwamba ametoka kuichovya. Kesho yake hivyohivyo. Nguo zake mwenyewe, kwenye kamba ileile, zilikuwa zimekauka kau. Sare ilinuka jiwe bichi na uvundo wa maji yaliyolala. Kiama alimwambia amebadilisha sabuni, akaivaa ikiwa na unyevu, akaenda kazini akinuka kama kisima.

Halafu zikaanza sauti. Jua likikaribia kutua, ndani ya ukuta wa sebuleni, nyuma ya picha ya Kiama akipokea cheti, nyundo ilikuwa ikipiga tindo. Ka. Ka. Ka. Polepole, kwa kipimo, kama mchonga mawe asiye na haraka. Kiama akaugonga ukuta kwa ngumi.

"Nani huko? Toka!"

Nyundo ikanyamaza. Kisha ikajibu, kwa nguvu ileile ya ngumi yake.

Mwanamume yule, aliyewahi kuamuru watoto wa shule wamwagiwe gesi ya machozi, aliita askari wawili wenye bunduki waje walinde ukuta. Walikaa sebuleni mpaka giza likaingia, wakanywa soda zote, wakasema hawajasikia kitu. Nyuso zao zilisema wamesikia.

Jumamosi mchana Wangechi alikuwa uani, jua limewaka, majirani wanapiga gumzo ng'ambo ya ua, na mbele yake lilikuwa karai la plastiki lenye maji ya kusuuza, karai la kawaida, kina chake hakifiki hata nusu ya mkono. Aliona soksi ya mumewe imezama akaingiza mkono aichukue, na mkono ukaenda, ukapita mahali palipopaswa kuwa na kitako cha karai, ukapita mahali palipopaswa kuwa na sakafu ya uani, ukazama hadi kiwiko, hadi begani, shavu lake likagusa povu, na huko chini maji yalikuwa ya baridi ambayo hakuna mfereji unaoyatoa, mazito, ya zamani, na vidole vyake vilivyokuwa vikipapasa vikakutana na vidole vingine, ambavyo havikumvuta wala kumbana, bali vilimshika kiganja kwa upole, jinsi mtu mzima anavyomshika mtoto aliyetia mkono kwenye chungu kisicho chake, vikamrudishia mkono wake juu.

Alikaa chini uani, mkono ukichuruzika. Jirani akamwuliza, "Mama Maggie, uko sawa?" Akajibu yuko sawa.

Alipomweleza Kiama, Kiama alisonya. "Hizo ni upuzi za WhatsApp. Mimi ni afisa wa serikali."

Lakini Jumatatu, kwenye gwaride la asubuhi, afisa wa serikali alifungua kinywa atoe amri na kilichotoka kilikuwa ka, ka, ka. Akakohoa. Akakohoa tena, macho yakimtoka, na mbele ya askari wote akatema kipande cheupe cha jiwe kilichochongwa pembe nne. Alirudi nyumbani mchana amefunika mdomo kwa leso. Hakumwogopa Mungu wala marehemu. Aliogopa kwamba vijana wake wa kazi watamcheka.

"Yule mwanamke wa ubani," akamnong'oneza Wangechi. "Yule jirani yako wa duka. Mwite. Aingilie mlango wa nyuma."

Wangechi alikuwa na duka la dawa za mifugo mjini Thika, na kando yake Bi Mishi aliuza mitandio, udi na ubani. Bi Mishi alitoka pwani zamani, na watu wa dini zote walimjia kimyakimya wanapoelemewa na mambo yasiyo na jina. Alifika na chetezo ndani ya kikapu cha nyanya. Mapazia yakafungwa, ingawa nje ilikuwa mchana mweupe. Akamkalisha Kiama mkekani, akafukiza, akasoma, akasoma, hadi moshi ukaacha kupanda na kuanza kutambaa sakafuni kuelekea kwa Kiama kama maji yanayofuata mteremko.

Kiama akainama. Alipoinua uso, macho yalikuwa yake lakini mtazamo haukuwa wake.

"Salaam," ikasema sauti kutoka kinywani mwake. Ilikuwa sauti ya chini, yenye mwangwi, ya mtu aliyezoea kukaa peke yake.

"Salaam," Bi Mishi akajibu. "Nani kakuleta nyumba ya watu?"

"Nimeitwa. Huyu alisema mbele ya umma kwamba mimi ni muuaji. Akasema anitie pingu. Nimekuja anitie."

Na mikono ya Kiama ikanyooka mbele, viganja vikielekea juu, vifundo vimeungana, ikangoja. Wangechi alishika ukuta. Ukuta ulikuwa umelowa.

"Wataka nini umwache?" Bi Mishi akauliza. "Marashi? Mbuzi?"

"Mbuzi kafanya nini? Mimi nimekaa machimboni tangu watu wakichonga mawe kwa mkono. Wameoga kwangu, wamefua kwangu, waliokufa waliuawa na mawe na pombe zao. Sikumgusa mmoja. Yule kijana aliletwa kwangu ameshakufa, mbavu zimevunjika, midomo imepasuka, na huyu alikuwa ameshika tochi akisema, mtupeni hapo, maji yatabeba lawama. Binadamu mna uchafu wenu. Sawa, kaeni nao. Msiulete kuuosha kwangu."

"Ngai, Mungu wangu," Wangechi akanong'ona. Sauti ikamgeukia.

"Samahani kwa ule mkono, mama. Sikutaka uzame."

"Basi tuambie atakalofanya," Bi Mishi akasema, na sasa hata yeye alikuwa akinong'ona.

"Aseme ukweli aliposema uongo."

"Na asiposema?"

Ikacheka, kicheko kikavu cha kokoto. "Hilo ni lenu. Mimi siwezi kuendelea kukaa ndani ya mtu huyu. Nimeingia, nimetazama. Hamna kitu. Nimewahi kukaa ndani ya jiwe, na jiwe lilikuwa na mengi zaidi."

Kiama akaanguka kifudifudi. Alipozinduka alilia, akashika miguu ya Bi Mishi, akaapa kwa jina la binti yake kwamba wachunguzi wakija atasema yote. Ukuta ukakauka. Jioni nyundo haikulia. Chai ya kesho yake ilikuwa safi.

Chai safi ilimrudishia Kiama kiburi chake. Siku zilivyopita akaanza tena kupiga mluzi bafuni. Asubuhi ya kikao cha wachunguzi kutoka Nairobi, Wangechi alimwona akijipaka mafuta usoni, akamwuliza kama yuko tayari.

"Tayari kusema nini?"

"Uliyoahidi, Baba Maggie."

Kiama akacheka, akavunja mkate. "Jini atanishtaki korti gani? Ameenda, ameenda."

"Kwa hivyo ni kweli? Mlimuua?"

"Hakuna aliyemuua." Alisema akitafuna, bila hasira, kama anayeelekeza mtu njia. "Alipigwa. Kupiga ni kazi yetu. Kufa alikufa mwenyewe, alikuwa mwembamba. Ningefanya nini, nimwache kwa seli aninukie? Niliwaambia vijana wampeleke machimbo, nikawamulikia. Fundi wa simu, Mama Maggie. Mwezi ujao hakuna mtu atakumbuka jina. Nipe siagi."

Wangechi alimpa siagi. Alikuwa ameogopa vidole vya ndani ya karai, na sasa alijiona mjinga. Vile vidole vilikuwa na adabu. Hivi vilivyokuwa vikipaka siagi ndivyo alivyolala navyo miaka yote.

Ukumbi ulijaa hadi madirishani. Wangechi alikaa nyuma pamoja na Bi Mishi. Mwenyekiti wa wachunguzi, mwanamke mwenye miwani na sauti ya uchovu, alimwita Kiama, na Kiama akaapa kusema kweli na akaisimulia hadithi ileile: seli, kutoroka, machimbo, maji. Safari hii aliisema vizuri zaidi. Aliweka hata huzuni kidogo.

Wangechi aliinua macho akatazama dari. Akasikiliza kuta. Alingoja kikohozi, jiwe, tone moja tu la maji. Bi Mishi naye alikuwa ameinua kidevu, ananusa hewa, na polepole akatikisa kichwa. Hakukuwa na kitu. Aliyesingiziwa hakurudi. Kiama alikuwa anakunja miwani yake, anajiandaa kuketi, na Ngina pale mbele alikuwa ameanza kukifunga upya kitambaa chake, jinsi watu wanavyofanya wanapojua wamekwisha kushindwa.

Wangechi akajikuta amesimama.

"Huyo ni mume wangu," akasema. "Anadanganya. Leo asubuhi ameniambia kwa mdomo wake."

Akayasema yote. Kupigwa, seli, tochi, machimbo. Akasema hata lile la siagi. Sauti yake ilitetemeka mwanzoni, kisha ikaacha.

Kiama aliruka juu. "Mheshimiwa, msimsikize! Mke wangu ana majini! Mganga wake ndiye yule pale, muulizeni! Si yeye anayesema, ni jini!"

Watu waliokaa karibu na Wangechi wakasogeza viti. Mwenyekiti akavua miwani. Bi Mishi akainuka bila kuitwa, akamshika Wangechi paji la uso, akamtazama ndani ya macho kwa muda mrefu, akamwinamia akamnusa pumzi. Kisha akageuka.

"Mie nayajua majini, mheshimiwa. Huyu hana kitu. Huyu ni mkewe."

Askari mmoja kati ya waliombeba Wanyoike, aliyekuwa ameegemea mlangoni, alianza kulia kwa sauti. Hapo ndipo Kiama alipoketi.

Alisimamishwa kazi, akashtakiwa yeye na askari wake, na kesi inaahirishwa na kuahirishwa kama kesi za watu kama yeye zinavyofanya. Anakaa peke yake Kamenu, akimweleza kila anayemvumilia kwamba alirogwa. Askari waliokuwa wakimpigia saluti hubadili upande wa barabara. Wangechi alihamia chumba cha nyuma ya duka lake.

Huko ndiko Ngina alikomfuata, mchana mmoja. Hakumshukuru wala hakumlaumu. Alisema, "Bi Mishi ameniambia kuna aliyekuwa wa mwisho kumwona mtoto wangu. Nipeleke."

Walikwenda Kalimoni jua likiwa juu. Maji ya machimbo yalikuwa ya kijani, yametulia kati ya kuta za mawe. Ngina akavua viatu, akasimama ukingoni, na kama mtu aliyefika kwa jirani akasema, "Hodi."

Upepo ukakatika. Ndege wakanyamaza. Nywele za Wangechi zikasimama kutoka kisogoni hadi mikononi, maana sauti ile aliijua, na safari hii haikuazima kinywa cha mtu yeyote.

"Karibu, mama yake."

Ngina akauliza, "Alilala kifudifudi?"

"Walimtupa kifudifudi. Nikamgeuza, nikamshikilia juu asizame, samaki wasimguse uso. Nilijua utakuja kumtambua."

Ngina alichutama, akayagusa maji kwa kiganja.

"Nilimtambua," akasema.