Tumbusi Asiyekuwepo

Asubuhi ile Boineelo alimpelekea bibi yake uji wa mtama, akamkuta anasikiliza redio. Walikuwa wanamtaja Daktari Sethunya, mtaalamu wa ikolojia aliyewachunguza tumbusi tangu ujana wake hata wageni wakafunga safari kuja Botswana kujifunza kwake. Kijijini aliitwa Mma Boineelo tu, yaani Mama Boineelo. Boineelo aliona fahari, kisha akanuna. Hakuwa amemwona mama yake tangu mavuno.

"Usininunie mimi," Bibi alimtania. "Wanunie hao ndege wenye vipara walioniibia binti."

Mama aliwafunga tumbusi vibandiko vya njano mbawani ili ajue wanakoruka na wanakofia. Wengi waliuawa na nyama yenye sumu ambayo baadhi ya wafugaji huwategea simba. Kwa hiyo aliwaomba wachungaji wampigie simu wakimwona tumbusi ameanguka. Akipigiwa, huacha kila kitu na kuja.

Boineelo alilijua hilo. Alichukua simu ya Bibi, akamwambia mama kuwa tumbusi mwenye kibandiko ameanguka nyuma ya zizi lao.

Mchana mama alifika, vumbi hadi kwenye nyusi. Boineelo alimkumbatia asitake kumwachia. Walipofika nyuma ya zizi palikuwa na samadi tu. Hapo simu ya mama ikalia. Mchungaji wa mifugo wa huko Nata, mwendo wa saa kadhaa kwa gari, alisema, "Mma Boineelo, tumbusi wamekula sumu, wanaanguka."

"Nata ndiko nilikotoka asubuhi hii," mama alisema taratibu.

Boineelo akaangua kilio. "Nilidanganya, Mama. Nilikuwa na hamu nawe, nikajua kwa tumbusi utakuja."

Mama alimshika mkono, wakaingia garini pamoja. Kule Nata Boineelo alishika ndoo ya maji huku mama akiwanywesha ndege. Wengi walikuwa wamekwisha kufa. Mmoja tu alisimama tena.

"Kazi yangu yote inategemea neno la mtu nisiyemwona," mama alisema. "Nikianza kulitilia shaka, ndege watakufa nikiwa bado nauliza kama ni kweli. Ukinikumbuka, sema hivyo. Kosa langu ni kukufanya udhani kwamba kunikumbuka hakutoshi."

Baada ya wiki chache Boineelo alichukua tena simu ya Bibi.

"Mama, huku hakuna ndege aliyeanguka. Nimekukumbuka tu."

"Nakuja," mama alisema.