Aliyeitika Nne

Sauti ilitoka nyuma ya boti, karibu na injini, kavu na yenye nidhamu: "Nne!"

Otilia alikuwa ameshafungua mdomo kusema "vizuri." Mdomo ukabaki wazi. Alikuwa amesimama mbele kabisa ya boti ya doria, mgongo kwa askari wake, na mbele yake hakuna kitu ila moshi. Ni ule moshi wa Septemba, watu wa Ufipa wanapochoma nyika zao huko juu, ukateremka makorongoni na kulala juu ya Ziwa Tanganyika mpaka jua limetoka zamani na bado mtu haoni ncha ya boti yake mwenyewe. Aliwaamuru wahesabu namba kwa sababu chuoni ndivyo walivyomfundisha: ukishamkamata adui, hesabu watu wako. Na watu wake, tangu alipokabidhiwa boti ile, walikuwa watatu. Watatu, jamani! Hata aliyekimbia shule hakosei tatu.

Akageuka polepole.

Walikuwa wanne. Koplo Mboje, mtu mzima wa kijiji cha Wampembe mwambaoni, yuko kwenye usukani. Kelvin, kijana wa mjini Kizwite, kashika bunduki. Isdori, bonge la mtu, anayecheka hata msibani. Na Abel, mpole, mwana wa Mwazye, kijiji cha jirani na kwao Otilia. Hakuna mgeni hata mmoja. Otilia alijua Isdori anakoroma, alijua Kelvin anawadanganya wasichana kwamba yeye ni rubani, alijua Abel hagusi chakula kabla ya kufanya ishara ya msalaba. Wote wanne aliwajua vizuri, na bado moyo wake ulikuwa unasema watatu.

"Naona jaketi tatu tu za kuokolea mmevaa," akasema, akijitahidi sauti isimtoroke. "Nani hana?"

"Mimi, afande," Isdori akajibu huku anacheka. "Si nimempa huyu jambazi? Mtazame anavyotetemeka, utadhani ana malaria."

Jambazi mwenyewe ndiye Alfonsi, aliyewatesa wavuvi wa mwambao mwaka mzima. Genge lake la maharamia lilikuwa likipora injini na nyavu, halafu linawasukuma wenye mali ziwani wakafie mbele ya safari. Otilia, afisa kijana mwenye nyota moja begani, aliomba mwenyewe apelekwe kuwawinda. Kabla ya kuanza kazi aliwapigia simu wazazi wa askari wake na mke wa Mboje, nyumba kwa nyumba, akawaambia: mwanao nitamrudisha mzima. Hakuna aliyemtuma. Ila tangu siku hiyo hilo ndilo lililokuwa likimkosesha usingizi, kuliko hata maharamia.

Asubuhi ile alitarajia risasi. Badala yake walikuta mtumbwi wa genge unaelea, injini imezimwa. Kwa mbali, ndani ya moshi, Otilia aliona vichwa viwili. Walipofika, alikuwemo Alfonsi peke yake, kanyoosha mikono, analia afungwe pingu haraka. Na Otilia alipotoa ile amri ya kuhesabu, Alfonsi alipiga yowe: "Usihesabu watu juu ya maji, mama! Nakuomba!" Kelvin akamziba mdomo kwa kiganja.

Si kwamba Otilia hakuambiwa. Siku ya kwanza tu Koplo Mboje alimvuta pembeni. "Afande, huku kwetu watu hawahesabiwi ziwani. Ukiulizwa mko wangapi, unajibu tumetosha. Basi." Otilia akamkata kauli: "Koplo, sisi ni askari, si wavuvi." Otilia mwenyewe ni mtu wa mlimani, kakulia kwenye mahindi na ulezi, atajuaje mambo ya ziwa? Mboje akapiga saluti. Amri ni amri.

*

Jini hili lililoitika nne halikungoja usiku. Tena afadhali lingengoja, maana usiku mtu anajifunika shuka na kujidanganya. Hili lilikuja mchana kweupe, watu wakila ugali.

Ilianza harufu. Kambini, kando ya ufuko wa Wampembe, kila walipokaa pamoja ilipanda harufu ya tope la chini kabisa ya ziwa, tope lisilowahi kuona jua, ikichanganyika na ya chuma chenye kutu. Wakitawanyika, inakata. Boti nayo ikaanza kuzama zaidi ya kawaida, kana kwamba imepakia mchanga. Mboje akaifungua sakafu, akatazama, akaifunga. Mchana mmoja Otilia aliwakuta wamelala kwenye kivuli cha banda, akasimama kuwasikiliza wakipumua. Pumzi zilikuwa tatu. Alisogea kwa kila mmoja, akainamisha sikio, na kila aliyemsogelea alikuwa anapumua.

Akaenda mahabusu kwa Alfonsi. Alimkuta kalala fofofo, mate yanamtoka, mtu aliyeshiba usingizi.

"Amka. Nieleze."

Alfonsi akakaa. "Tulikuwa wengi," akanong'ona. "Mimi niliwahesabu ziwani, tugawane mzigo. Likaitika la ziada. Tukaulizana, nani huyu? Kila mtu ana wa kumtetea: huyu nimesoma naye, huyu ni shemeji yangu. Tukamtosa tuliyemshuku. Maiti ikaelea. Jini haliachi maiti, afande, likitoka linatoka kama harufu. Basi tukajua tumemtosa mtu. Tukamtosa mwingine. Naye akaelea."

"Mpaka mkabaki wawili."

"Mimi na kaka yangu. Tunatazamana." Akajifuta mdomo. "Mimi sina kaka, afande. Mama yangu alinizaa peke yangu. Lakini nakwambia, mpaka sasa namkumbuka tukichunga mbuzi wote wawili."

"Na sasa liko wapi?"

"Ulihesabu," Alfonsi akasema. "Pole sana." Akajinyoosha sakafuni na kugeukia ukuta.

Otilia akatoka nje akashika simu. Akampigia mama yake Kelvin, wa Isdori, wa Abel, mke wa Mboje. Wote wakapokea, wote wakashangaa. Wote wakasema ulinipigia wakati ule, afande, umesahau? "Mwanangu amefanya nini?" akauliza mama yake Abel, bibi Agnesi wa Mwazye. "Nimemzaa mimi kwa uchungu wa siku mbili. Kwa nini unaniuliza kama ni wangu?" Otilia akaomba radhi, akakaa chini kwenye mchanga.

*

Watu walimwelekeza kwa Stumai. Mganga huyo, usimdhanie mzee wa mafusho na vibuyu. Ni mama wa makamo, mzaliwa wa mwambao, ana saluni yake Kizwite, na alimsikiliza Otilia huku anamsuka mteja. Otilia alipofika kwenye ile sauti ya "Nne!", vidole vya Stumai vikaacha kusuka. Akamwomba mteja arudi kesho, na nywele zake nusu.

"Funga mlango," akasema chini chini. "Umesema ulihesabu wewe mwenyewe?"

"Niliwaamuru wahesabu."

"Ni yaleyale. Mdogo wangu, vile vitu huko chini havina mahali. Vinazunguka tu. Wewe ukafungua nafasi, kikaingia, kikajishonea jina, sura, mpaka kumbukumbu. Kinaingia hadi kwenye tumbo la mama aliyezaa, naye atakuapia kwamba kamzaa."

"Nitakitoaje?"

Stumai alichukua kitana, akakiweka, akakichukua tena. "Aliyehesabu ndiye anayetoa. Mnarudi palepale, unamtaja kwa jina, unamwambia atoke kwenye hesabu yako. Ukipatia, kinaondoka na hata jina lake watu hawalikumbuki. Ukikosea, atakayetoka ni mtoto wa watu, na hutaweza kumzuia. Na kile kitakuwa kimepata nafasi halali. Hapo sitaki hata uniletee habari zake."

"Na nisipochagua?"

"Kitakula mmoja mmoja, taratibu. Umeshaona anayekonda?"

Otilia alikuwa ameshaona. Alikuwa Abel.

Abel aliacha kula. Aliacha na ile ishara ya msalaba, na Otilia akaanza kumwona si kama anayeliwa bali kama anayekula. Mchana kutwa anakaa ufukoni mbali na wenzake, midomo inacheza, na Otilia akimsogelea anaruka na kuondoka, macho yamemtoka. Alimfuata siku moja kimyakimya mpaka nyuma ya mitumbwi, akamsikia anasema peke yake, "Moja, mbili, tatu. Moja, mbili, tatu," kisha akashika kichwa. Na harufu ilikuwa kwake zaidi ya kwa wengine, au Otilia alitaka iwe hivyo. Unamjua mtu aliyechoka kuogopa, anataka jibu tu.

"Umepata uhakika?" Stumai aliuliza kwenye simu.

"Nimepata."

"Hebu sema tena."

"Nimepata, dada," Otilia akasema.

*

Wakatoka asubuhi, moshi ukiwa uleule, na Otilia aliwaambia ni doria ya kawaida, na hakuna aliyeuliza kitu, hata Isdori hakucheka, na injini ilipozimwa pale walipomkamata Alfonsi ukimya ulikuja ukakaa nao ndani ya boti, na maji yalikuwa yametulia kabisa lakini boti inashuka, inashuka kidogo kidogo kwa namna ambayo huioni ila unaisikia kwenye nyayo, na ile harufu ya tope ikapanda mpaka Kelvin akaziba pua kwa mkono wa shati akasema kwa sauti ndogo, "Mkuu, tuondoke hapa, hapa si poa," na Mboje, ambaye alikuwa ameshaelewa kinachofanyika kwa sababu alizaliwa kwenye ziwa hilo, akaanza kusali kwa Kifipa bila kufungua meno, na Otilia akawatazama mmoja mmoja, nyuso alizozijua, na kila uso ukamtazama kwa hofu ya kweli, hofu ya mtu mwenye mama, na akajiambia kwamba akingoja dakika moja zaidi hataweza, kwa hiyo akasema.

"Abel. Toka kwenye hesabu yangu."

Abel akainuka. Hakuinuka kwa kutaka. Miguu ndiyo iliyoinuka, naye akashika ukingo wa boti kwa mikono yote miwili, vidole vikaanza kuachia kimoja kimoja.

"Afande," akasema, "na mimi nilijua tuko watatu."

Otilia akapiga hatua moja kwake.

"Nilikuwa nakuogopa wewe," Abel akasema, machozi yanamtoka. "Nilidhani ni wewe, maana siku ile ulikuwa umetugeuzia mgongo. Halafu juzi nikaanza kumjua. Nilikuwa nataka uhakika kwanza nikuletee. Afande, ni—"

Kidole cha mwisho kikaachia. Otilia aliruka, akamshika mkanda, akapiga kelele, "Rudi! Nimefuta! Abel, nimefuta!" na mkanda ukamtoka mikononi kana kwamba chini kuna mtu anauvuta kwa adabu, bila haraka. Maji hayakuruka. Yalifunguka, yakafunga. Mboje na Kelvin na Isdori wote watatu wakajitupa ukingoni, wote wakatumbukiza mikono, wote wakaita jina lake mpaka sauti zikakauka.

Boti ikapanda juu, ikakaa sawa juu ya maji. Harufu ikakata. Na Otilia alisubiri, Mungu wangu alisubiri, jina la Abel lifutike kichwani mwake. Halikufutika.

Siku iliyofuata maiti iliibukia ufukoni Wampembe, imevimba kama maiti za watu zinavyovimba.

*

Walimzika Mwazye. Taarifa iliandikwa kwamba askari alizama akiwa kazini, na makao makuu wakaisoma wakaona iko sawa: boti ile ilipangiwa askari watatu, na waliopo ni watatu. Otilia alijaribu kumweleza mkubwa wake, akashauriwa apumzike, halafu akapewa tarehe ya kurudi doria kwa sababu genge jingine lilikuwa limeanza kupora upande wa kusini. Stumai hakupokea simu tena.

Jeneza lilibebwa na wenzake. Mboje mbele, Kelvin na Isdori nyuma. Otilia alitembea pembeni akiwachungulia nyuso, akitafuta mmoja tu ambaye hakulia, ajue. Wote walilia. Kelvin alilia kwa kwikwi za mtoto. Isdori alishindwa kusimama wakamshika. Mboje alijifuta uso kwa kofia na kofia ikalowa. Asiyelia alikuwa ni Otilia peke yake, macho makavu yanahama uso hadi uso, mpaka mama mmoja wa kijijini alipomwona anavyotazama watu, akamvuta mtoto wake akamweka nyuma ya kitenge.

Baada ya udongo, bibi Agnesi akaja kumshika mikono. Ilikuwa mikono migumu, yenye vumbi la kaburi la mwanawe.

"Shikamoo, mama," Otilia akasema, na hapo ndipo sauti ilipovunjika.

"Marahaba, mwanangu. Usijilaumu, najua ulijitahidi." Mama akageuka akawatazama wale watatu waliokuwa wamesimama pamoja kando ya kaburi, mashati yamelowa jasho, wanamsubiri afisa wao. "Hawa waliobaki ni wanangu sasa. Nakuomba kitu kimoja tu. Usimpoteze hata mmoja wao. Niahidi."

Wale watatu wakainua nyuso, wakamtazama, wanangoja kusikia.

"Nakuahidi, mama," Otilia akasema.