Kitalu Kisicho na Zamu

Kabla ya kengele ya kwanza, Wakesho na Mumbe walizoea kupitia bustani ya 4K, chama cha wanafunzi wakulima, nyuma ya darasa la saba. Waliinama, wakageuza majani ya kabeji wakitafuta viwavi, kisha wakakimbilia mstarini. Lakini mwaka huo wa 1984, ukungu wa milima ya Werugha haukushuka kama kawaida. Mvua ilikataa. Maji ya mfereji yakawa membamba kama uzi, na nyumba nyingi zilikuwa zikila mahindi ya manjano ya msaada.

Kwa Wakesho, kitalu chake katika bustani ya shule kilikuwa kazi ya chama tu. Kwao walikuwa na shamba. Babake Mumbe alitoka Ukambani kuja kukamua ng'ombe wa watu, na hakuwa na hata kipande kimoja cha kulima. Kitalu cha Mumbe ndicho kilichokuwa shamba lao. Mamake alikuwa akiuliza kila jioni, "Kabeji zimefunga vichwa? Watoto watakula lini?"

Ijumaa moja, Mwalimu Peris aliwafundisha jinsi Wamarekani walivyoandika katiba yao mwaka wa 1787. Wajumbe waligombana sana. Wale wa kusini walitaka watumwa wao wahesabiwe, ili majimbo yao yapate viti vingi bungeni, ingawa mtumwa hakuruhusiwa kupiga kura. Wale wa kaskazini wakakataa. Mwishowe wakapatana: watumwa watano wahesabiwe kama watu watatu. Suala la utumwa wenyewe wakaliacha.

Kengele ikalia. "Tutamalizia wiki ijayo," mwalimu akasema. "Nanyi wa 4K, andikeni sheria zenu za maji. Mwalimu mkuu atawapa zamu ya mfereji kulingana na idadi yenu."

Jioni walikutana bustanini. Wakesho ndiye aliyekuwa mwenyekiti.

"Babu zetu ndio waliochimba mfereji huu," mwanachama mwenzao Thadeus alisema, akiegemea jembe lake. "Babu ya Mumbe alichimba nini? Mashimo ya fuko?"

Wengine wakacheka.

"Tumhesabu, ili tupewe zamu ndefu," Thadeus akaendelea. "Lakini maji yaende kwa wenye mfereji. Yakibaki, naye apate. Si ndivyo Wamarekani walivyofanya?"

"Si haki," Wakesho alisema.

"Basi bakini na haki yenu. Sisi tunatoka, na majembe ni yetu."

Wakesho aliyatazama majembe. Yakiondoka, chama kimekufa. "Tukubali tu kwa sasa," alisema kwa sauti ndogo. "Mvua ikinyesha tutarekebisha."

"Kwa hivyo mimi ni wa kuhesabiwa tu?" Mumbe aliuliza.

Wakesho akainama, akaiandika sheria.

Maji hayakubaki hata siku moja. Kabeji za wengine zilianza kufunga, za Mumbe zikageuka rangi ya karatasi kuukuu. "Vumilia kidogo, Mumbe," Wakesho alimwambia. Baadaye Mumbe akaacha kumpitia asubuhi.

Kisha siku moja baada ya masomo, Mumbe alipiga magoti, akabomoa ukingo wa udongo kwa mikono yake, akayaelekeza maji kwenye kitalu chake. Thadeus alimkuta hapo.

"Mwizi wa maji!"

"Nimehesabiwa! Nami nina maji yangu!"

Thadeus akamsukuma. Kituku, ambaye mamake pia alikuwa mgeni, akamrukia Thadeus. Mara chama kizima kikagawanyika pande mbili, watu wakirushiana madongoa, wakikanyaga kabeji. Ukingo wa mfereji ukaporomoka, maji yote yakateremka bondeni. Wakesho alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Hakuna aliyemsikia.

Mwalimu mkuu aliwanyang'anya zamu. Siku chache baadaye, bustani yote ilikuwa imekauka, kitalu cha Mumbe na cha Thadeus sawasawa.

Mwalimu Peris aliwapeleka hapo kumalizia somo. "Wamarekani nao walisema watarekebisha baadaye," alisema. "Kila ugomvi wa utumwa ulipozuka, walitafuta mapatano mengine. Mwaka wa 1861 nchi ikapasuka, wakapigana miaka minne. Watu zaidi ya laki sita walikufa. Na watumwa walikuwa wamengoja muda huo wote, wengi wao hadi kaburini."

Thadeus alikuwa akichimbua vumbi kwa kidole cha mguu. "Tuandike upya," alisema. "Kila kitalu kiwe na zamu yake."

Hakuna aliyepinga; Mumbe hakuwapo siku hiyo. Mwalimu mkuu akawarudishia maji.

Jioni hiyo Wakesho alimwomba mamake amsindikize kwa kina Mumbe. Walimkuta akiwagawia wadogo zake ugali wa manjano, na kando yake kisahani cha chumvi.

"Umepewa zamu, Mumbe," Wakesho alisema. "Ya kwanza kabisa."

"Ya kumwagilia nini?" Mumbe aliuliza, bila kuinua uso.

Mdogo mmoja aliramba chumvi kidoleni, akamtazama Wakesho.

Njiani alilia. "Nilitaka tu wasigombane, Mama. Nilitaka chama kisivunjike."

"Najua, mwanangu." Mama alimshika mkono. "Lakini hukutoa cha kwako. Ulitoa cha Mumbe, ukaita hayo mapatano. Haki ya mtu haingoji mvua inyeshe. Kama Thadeus angeondoka na majembe, mngelima kwa vijiti, na waliobaki mngekuwa kitu kimoja."

"Atanisamehe?"

"Sijui. Hilo ni lake kuamua. Lako ni la kesho: una miche ya kabeji nyumbani, na una mikono miwili."

Asubuhi Wakesho alibeba miche kwenye karai. Mumbe alikuwa tayari bustanini, amepiga magoti, aking'oa mabua makavu. Hakumsalimu. Alisogea kidogo tu, nafasi ya mtu mmoja, akaendelea kung'oa.