Kasha la Majivu ya Tudur

Saa nne na dakika ishirini asubuhi, treni ikiwa bado kituo cha chini, gadi Non alifungua behewa lake akakuta kasha la majivu ya Tudur halipo.

"Mungu wangu wee!"

Tudur aliendesha injini ya mvuke ya reli ya Cwm Eithin miaka arobaini, kila Jumamosi na Jumapili, bila mshahara. Aliagiza akifa majivu yake yatiwe kwenye moto wa injini hiyo, kama wafanyavyo wengi wa reli hizi ndogo za Wales. Ilipangwa saa sita, kituo cha juu. Non, sajini mstaafu wa polisi, aliliweka kasha pale saa nne kamili kwa mkono wake.

Alianza na Hefin, dereva mpya, aliyewahi kununiana na marehemu mwaka mzima.

"Unanikodolea macho ya nini? Tuligombea injini, si majivu!"

"Ulikuwa wapi?"

"Hapa hapa, nachochea moto. Na kwa mikono hii, mlango wako ungebaki safi?"

Kweli, mlango haukuwa na hata alama ya masizi. Non akapekua tena. Nyuma ya sanduku la bendera alikuta mkate mtamu wa zabibu, mzima, umefungwa kwa kitambaa. Aliyeuacha alihitaji kikapu kitupu cha kubebea kasha.

Treni ikaondoka, ikapanda mlima mvuani. Saa tano na dakika hamsini Non aliketi mbele ya Mererid, mjane wa Tudur, aliyekumbatia kikapu.

"Dada, leo hutugawii mkate?"

"Sina njaa."

"Sikuulizia njaa yako. Mkate wako ninao mimi."

Mererid akainamisha kichwa.

"Aliagiza mwenyewe, Mererid. Kwa maandishi."

"Na mimi je, sikuagiza? Kila Ijumaa nilimwambia, kesho baki nyumbani. Ananibusu, anachukua kofia, huyoo! Nilimpata mume alipoanza kukohoa, Non. Miezi mitatu tu. Leo mnataka nimrudishe kwa mke mwenzangu?"

Machozi yalimlengalenga Non. Katika miaka yake yote ya polisi hakuwahi kutamani mwizi atoroke.

"Nitasema sikuliona," alinong'ona.

Mererid akatikisa kichwa, akafunua kikapu.

"Hapana. Tangu tuondoke namsemesha. Nimemweleza yote niliyoyaweka moyoni. Kisha injini ikapiga honi pale kwenye kona, nikajua hanisikilizi." Akamkabidhi kasha. "Chukua, mpelekee."